Kusali Peke Yako kwa Maneno ya Wengi

Tafakari ya juma. Somo: Marko 1:21–39

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kauli moja inasikika sana siku hizi hapa Dodoma, kuanzia ofisi za Mtumba mpaka vijiwe vya Nkuhungu: "Mimi mambo ya dini hapana, nina Mungu wangu." Wanaoisema si wapagani. Wengi wamebatizwa, wamepata kipaimara, wanafunga, wanaamka usiku kuomba. Wamechoshwa na michango isiyokwisha, na viongozi kugombea vyeo, na mahubiri ya saa nzima kuhusu kupanda mbegu ya fedha. Kuwaita waasi ni uvivu wa kufikiri. Tufungue Marko tuone Bwana mwenyewe aliipangaje siku yake.

Asubuhi ya sabato yuko sinagogi (aya 21). Akitoka hapo anaingia nyumbani kwa Simoni na Andrea, ambako mkwewe Simoni analala na homa (29–30). Jioni mji mzima umejaa mlangoni, maana watu walisubiri jua lichwe. Sabato haikuruhusu kubeba mizigo, na mgonjwa hubebwa. Alfajiri na mapema sana anakwenda peke yake mahali pasipokuwa na watu, anaomba (35). Ukifika aya ya 39 unamkuta tena ndani ya masinagogi, safari hii ya Galilaya yote. Na tusidhani lile la Kapernaumu lilikuwa safi. Aya ya 23 inasema ndani yake mlikuwa na mtu mwenye pepo mchafu, naye alipaza sauti ibada ikiendelea. Bwana alimponya humo humo. Hakuondoka kutafuta sinagogi lenye watu wa kiroho zaidi.

Sasa, akiwa peke yake alisali nini? Marko hasemi yale ya alfajiri ile. Tunayoyajua vizuri ni ya msalabani, saa ambayo karibu wote walikuwa wamemkimbia. Hapo alisali Zaburi 22:1 (Marko 15:34) na Zaburi 31:5 (Luka 23:46). Angalia vichwa vya zaburi hizo mbili: zote zimeandikiwa mwimbishaji, yaani ni za kuimbwa na kusanyiko. Katika upweke ule mkubwa kuliko wote, kinywani mwake mlikuwa na maneno ya ibada ya pamoja. Zaburi ya namna hiyo haijifunzwi siku ya mateso. Inaingia polepole, sabato baada ya sabato, mpaka inakaa. Ndiyo maana chumba cha ndani cha Mathayo 6:6 hakishindani na kanisa: mtu anakiingia akiwa na akiba, na akiba hiyo ameipata kwa wenzake.

Hata watawa wa jangwani, ambao wengi huwataja kama mfano wa kumtafuta Mungu bila taasisi, walianzia hapo. Antonio wa Misri, karibu mwaka 270, aliingia kanisani Injili ikisomwa, akasikia Mathayo 19:21, uza ulivyo navyo uwape maskini. Athanasio, aliyeandika maisha yake, ndiye anayetueleza hivyo. Wito wa kwenda kukaa peke yake ulitoka mdomoni mwa msomaji wa somo. (Nanyi mnaopangwa kusoma Jumapili, lisomeni nyumbani Jumamosi kwa sauti, tafadhali. Huwezi kujua nani anakusikiliza.)

Kwa vitendo, jaribu hivi juma hili. Jumapili uwe na daftari dogo. Andika mstari mmoja kutoka masomo ya siku, na jina moja kutoka matangazo: mgonjwa aliyelazwa, mfiwa, wachumba wanaotangazwa. Jumatatu mpaka Jumamosi tenga dakika 15, saa ile ile, mahali pale pale. Mbili za kwanza kaa kimya, maana akili huwa bado iko sokoni. Kisha soma zaburi moja kwa sauti unayoisikia mwenyewe, mara mbili: ya kwanza uielewe, ya pili uisali. Rudia ule mstari wa Jumapili, mwombee yule mwenye jina, maliza na Baba Yetu. Basi.

Zaburi zifuate kwa namba. Utaratibu wa zamani wa Kitabu cha Sala cha Waanglikana humaliza zote 150 kwa siku 30. Siku ya kwanza ni 1 hadi 5 asubuhi na 6 hadi 8 jioni. Anayeanza atachoka na kiasi hicho, moja kwa siku yatosha. Kilicho muhimu ni kutochagua. Mtu akijichagulia hubaki na tatu tu, ya 23, ya 91 na ya 121, na anajijengea Mungu wa kumlinda yeye na nyumba yake. Ukifuata namba utafika ya 88, inayoishia gizani bila neno moja la faraja. Pengine siku hiyo wewe una furaha zako. Basi isali kwa niaba ya yule mfiwa aliye kwenye daftari, ni yake leo.

Mambo hukwama wapi? Kwanza ni pale mtu anapoanza na saa nzima. Alhamisi haifiki. Mgao ukifungua maji saa nane usiku ukashinda ukijaza ndoo, saa ya sala imeliwa, na dhamiri inakuambia umeshashindwa bora uache. Dakika 15 hata siku hiyo zinapatikana. Pili ni simu. Biblia ya kwenye simu ni nzuri safarini, lakini ujumbe mmoja ukiingia zaburi imekwisha, kwa hiyo tumia kitabu. Tatu, tafakari za kutumiwa, na hii ikiwemo. Kusambaza tafakari makundi kumi si kusali.

Upande wa pili nao una lawama yake. Isaya 1 inamwonyesha Mungu akichoshwa na matoleo na makutano ya dini, kisha aya ya 17 inataja dawa: haki ya yatima na mjane. Nabii huyo huyo, sura ya 6, anaitwa na Bwana akiwa ndani ya hekalu. Hakuambiwa alibomoe. Basi viongozi wa jumuiya wajiulize kitu kimoja kidogo: mkikutana, daftari la michango linafunguliwa kabla ya Biblia au baada? Likitangulia, asiye na elfu mbili haonekani tena, na wenzake watasema amepoa kiroho. Anzeni na Neno, fuatieni sala za kutajana kwa majina, hesabu ziwe dakika kumi za mwisho. Mwenye deni la mchango aambiwe faraghani. Majina ya wasiotoa yasisomwe.

Kanda hii iliwahi kuona mfano mzuri. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulifika Tanganyika, na Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu huko Uganda, alikuwa mwalimu hapa Dodoma miaka ya 1940. Watu wa uamsho walikutana katikati ya juma, wakaungama dhambi kwa kuzitaja, wakarudisha walivyoiba. Walikuwa wasumbufu, na wachungaji wengine hawakuwapenda. Hata hivyo, wengi wao Jumapili walikuwa kanisani, benchi moja na waliowaona vuguvugu.

Benchi hilo ndilo sala ya peke yako haina. Chumbani unaweza kusamehe watu wote kwa ujumla bila kumgusa hata mmoja. Mathayo 5:23–24 inakutaka uiache sadaka mbele ya madhabahu uende kwa ndugu yako kwanza, na kanisani ndugu huyo anaimba besi nyuma yako. Kama yupo mtu wa namna hiyo, mfuate Ijumaa au Jumamosi, si Jumapili mlangoni watu wakitazama. Nenda bila shahidi, taja kosa lako tu.

Neno la mwisho ni kwa waliohamia Dodoma kikazi tangu 2016 na bado ni waumini wa Dar es Salaam kwa njia ya bando. Andika au piga simu kwa mchungaji au paroko wako wa zamani uombe barua ya utambulisho, yenye tarehe ya ubatizo na ya ndoa kama umefunga. Wengi huitafuta mtoto anapotaka kubatizwa au msiba unapotokea, na hapo huwa mbio tupu. Ukiipata, mpelekee mzee wa kanisa au katekista wa mtaa unaoishi, na umuulize jumuiya ya mtaa wenu inasali siku gani, kwa nani.