Nilivyoizoea lenzi ya makro ya zamani, ile ya fokasi ya mkono

Lenzi ninayopigia wadudu ni Micro-Nikkor 55mm f/3.5 ya Nikon, toleo linaloitwa Ai, la mwishoni mwa miaka ya 1970. Chuma na vioo basi, haina mota, haina chipu, haina kitu cha kutuliza mtikisiko, yaani ukiifunga kwenye kamera ya kisasa kamera yenyewe inaona kama haijafungwa lenzi yoyote. Na hiyo hiyo ndo napigia macho ya buibui na miguu ya sisimizi. Wengi wakipata lenzi kama hii wanaijaribu siku chache afu inaenda kulala kabatini, wanasema fokasi ya mkono ni mateso, lakini ukimwangalia mtu anavyoitumia unakuta karibu kila mara shida ni ile ile, anaikimbilia ringi ya fokasi. Kwenye makro, yaani kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, ringi siyo ya kutafutia fokasi bwana, ringi ni ya kuchagulia ukubwa, fokasi unaitafuta kwa mwili wako.

Ngoja nieleze. Ukizungusha ringi ya hii lenzi inarefuka kwenda mbele, na inavyorefuka ukubwa wa mdudu kwenye picha nao unabadilika, kwa hiyo unavuruga vitu viwili kwa mpigo. Afu kwa ukaribu ule sehemu inayotoka kali ni nyembamba vibaya mno. Ukiwa kwenye 1:1, yaani mdudu wa milimita kumi anachukua milimita kumi kamili kwenye sensa (kile kipande cha kamera kinachopokea picha), na apacha (tundu la kupitisha mwanga, namba ya f ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo) umeweka f/8, kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa kama fremu ya filamu, unapata kama milimita moja tu iliyo kali, mbele yake na nyuma yake kote ukungu. Kamera yenye sensa ndogo ya APS-C ndo usiseme, ni kama nusu milimita na chenji kidogo. Sasa wewe umechuchumaa, unahema, mwili unayumba mbele na nyuma zaidi ya hiyo milimita, na wakati huo huo vidole vinazungusha ringi kuifukuzia, utaipata saa ngapi?

Mimi naanza na kuamua ukubwa ninaoutaka kabla hata sijamsogelea mdudu. Kwenye lenzi yenyewe wameandika uwiano, 1:2, 1:3, 1:4 na kuendelea, kwa hiyo kereng'ende mzima na mabawa yake naweka kama 1:3, kiwavi mnono 1:2, buibui mrukaji napachika tyubu (bomba tupu la kuisogeza lenzi mbali na kamera) naenda 1:1. Nikishaweka ringi siigusi tena, naiacha hapo hapo kama imegandishwa na gundi. Halafu naegemea mbele na mwili mzima, pole pole, mpaka ninachokitaka kinakaa sawa, nabonyeza. Kama mdudu ni mdogo kwenye fremu narudi nyuma, nabadilisha ringi, naanza upya.

Kamera za mirolesi (zisizo na kile kioo cha ndani cha kuakisi picha) zimerahisisha sana hili kwa sababu zina ile setingi ya kupaka rangi kingo zilizoshika fokasi. Kwenye picha za kawaida mi naiona kama kero, rangi zinatapakaa kila mahali, ila kwenye makro ni kitu kingine kabisa, unaona kimstari chekundu kinatembea juu ya mdudu kadri unavyoegemea, kinaanzia kwenye taya, kinapanda usoni, kinafika kwenye macho, na hapo ndo unabonyeza. Kusema kweli unabonyeza kabla kidogo, sababu kidole kina uchelewaji wake na kamera ina uchelewaji wake na mwili wako bado unaenda mbele. Hicho kipimo hakuna wa kukufundisha, mkono unajifunza wenyewe. Napiga tatu nne mfululizo huku naendelea kuegemea na mara nyingi mojawapo inakuwa imeangukia kwenye macho, zilizobaki nafuta bila huruma. Kama ni ua au kitu kisichokimbia nakuza picha kwenye kioo cha kamera naangalia vizuri, ila kwa mdudu aliye macho muda huo huna.

Kitu kilichonisaidia kuliko tripodi ni mkono wa kushoto. Mdudu akiwa kwenye kijiti au bua la jani nalishika lile bua kwa vidole viwili, taratibu, afu lenzi naiegemeza juu ya mkono huo huo. Unajua kinachotokea? Mdudu na kamera vinayumba pamoja. Upepo ukija vinaenda wote, ukihema vinaenda wote, na umbali kati yao unarekebisha kwa kusogeza vidole kidogo tu. Wapo wadudu wataruka ukigusa bua, sawa, ila wengi asubuhi na mapema bado wana baridi na hawana haraka, hasa kereng'ende na nyuki wanaolala wameng'ata bua, hao unaweza kukaa nao mpaka uchoke mwenyewe. Jua likishapanda mambo yanabadilika. Mara nyingi saa nne asubuhi mi nishafunga begi.

Kuhusu apacha sasa. Kwa adapta (pete ya kuunganishia lenzi na kamera) isiyo na umeme ukizungusha ringi ya apacha bledi, vile vibati vya kubana tundu, zinafunga kweli kweli pale pale, siyo kama lenzi za kisasa ambazo zinakaa wazi mpaka sekunde ya kupiga. Kioo cha mirolesi kinajiongezea mwanga chenyewe, kwa hiyo kwenye f/8 bado unaona, ila kwenye kivuli picha inajaa chenga na ile rangi ya kingo inaanza kubahatisha. Njia iko ya kufungua f/3.5 utafute fokasi, halafu bila kutoa jicho unahesabu klik mpaka f/8, unapiga. Kwa ua ni sawa kabisa. Kwa mdudu mi sipendi, zile klik zinatikisa na ukimaliza kuhesabu yeye keshageuza kichwa, bora niache f/8 muda wote afu nifunge kitochi kidogo pembeni ya lenzi kinimulikie. Wadudu wengi hawakijali.

Na namba iliyoandikwa kwenye ringi ya apacha siyo mwanga unaofika kwenye sensa. Lenzi ikirefuka mwanga unasambaa na kupungua, na hesabu yake ya haraka haraka ni kuzidisha ile namba ya f kwa moja kujumlisha ukuzaji. Kwa 1:2 ukuzaji ni 0.5, f/8 inafanya kazi kama f/12. Kwa 1:1 inakuwa kama f/16, umepoteza stopu mbili, umebaki na robo ya mwanga. Kamera inapima mwanga uliofika kweli kwa hiyo mchana hutahangaika, ila ukitumia flashi ya kupanga kwa mkono ndo utashangaa mbona picha giza. Hii ndo sababu pia kwa 1:1 sipiti f/11, maana tayari ni kama f/22 na picha yote inaanza kulegea kwa mwanga kupindana kwenye katundu kadogo. Ringi inaenda mpaka f/32, ambayo kwa 1:1 ni f/64 jamani, sijui uitumie kwa kazi gani.

Badala ya kufunga apacha ili upate kina, panga mdudu. Buibui akiangalia kamera uso kwa uso yale macho manne ya mbele yako karibu kwenye usawa mmoja, ile milimita moja inatosha. Kipepeo mpige ubavuni, sensa ilingane na bawa, utapata bawa zima kwa f/5.6. Akikaa mshazari achana naye, zunguka upande mwingine.

Flashi ndo iliyobadilisha picha zangu kuliko lenzi. Natumia flashi ndogo ya kawaida tu, nguvu naweka 1/16 au 1/32, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/160, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 200. Kwa nguvu ndogo vile ule mwali ni wa muda mfupi mno, mfupi kuliko shata yoyote unayoweza kuweka hapo, kwa hiyo ndo wenyewe unaogandisha mtikisiko wa mkono, na pia inajichaji haraka, ukipiga tatu nne mfululizo inakufuata. Ila flashi tupu bila kitu mbele inaua picha, mbawakawa ana mgongo unaong'aa kama kigae, unapata doa moja jeupe na rangi zote zimekufa. Inabidi mwanga upite kwenye kitu cheupe kipana, mi natumia lile tabaka jembamba la povu wanalofungia vyombo vya elektroniki, nalikunja juu ya lenzi lining'inie mbele kidogo karibu kabisa na mdudu. Jinsi linavyokuwa kubwa na karibu ndo mwanga unavyolainika. Angalia macho ya buibui kwenye picha utaona umbo la hilo povu lako limejichora humo, likiwa na kona mbaya litaonekana na kona mbaya.

Nyuma ya mdudu pakiwa mbali patatoka peusi tii kwa sababu mwanga wa flashi haufiki huko. Wengine wanapenda. Mi naona inachosha, kwa hiyo natafuta pembe yenye jani nyuma karibu au nashikiza jani mwenyewe.

Kwenye menyu ya kamera kuna vitu vitatu lazima uviguse. Ruhusu kamera kupiga bila lenzi, la sivyo itagoma kabisa. Kama bodi ina kutuliza mtikisiko, iambie kwa mkono kwamba lenzi ni 55mm, ingawa kwa ukaribu wa 1:1 usiitegemee sana. Cha tatu, zima ile ya kioo kuonyesha picha itakavyotoka, maana ukipanga kwa ajili ya flashi kioo kitakuwa giza na utadhani lenzi imekufa. Na usitumie shata ya kimya, kamera nyingi flashi haiwaki ukiwa nayo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini lenzi ya miaka hiyo bado ni kali hivi. Ukoo wake ulianza 1956 na lenzi ya 5cm f/3.5 iliyotengenezwa kwa ajili ya kunakili maandishi kwenye filamu ndogo, na maandishi yenyewe yalikuwa ya Kijapani, herufi zina vimistari vingi vilivyobanana, lenzi iliyotosha kwa alfabeti ya Kilatini ilikuwa inaziunganisha zinakuwa doa. Kwa hiyo walihitaji lenzi inayotoa ukali sawa katikati na kwenye kona, kwa karibu. Kitu kilichozaliwa kusoma vimistari vile kikikutana na manyoya ya mguu wa nyuki hakipati shida. Kioo chake cha mbele pia kimezama ndani sana, kwa hiyo kofia ya kuzuia jua huihitaji.

Udhaifu wake? Peke yake inaishia 1:2. Kufika 1:1 unaweka tyubu ya milimita 27.5, ya Nikon yenyewe inaitwa PK-13, ila tyubu haina kioo ndani, ni nafasi tupu tu, ya kampuni yoyote yenye urefu huo itafanya kazi ile ile. Na urefu wa 55mm ni mfupi, kwa 1:1 unabaki na sentimita kama tano kati ya mdomo wa lenzi na mdudu, unamtia kivuli na wengine wanakimbia. Kwa 1:2 unapata kama kumi, hapo panavumilika. Kama unaanza leo na lengo lako ni wadudu waoga, tafuta ya 90mm au 105mm za zamani, Tamron SP 90mm f/2.5 ni nzuri sana na kwa 1:2 inafokasi kuanzia sentimita 39, inakupa nafasi ya kupumua. Kwa maua, sarafu, mihuri, stempu, hii 55mm haina mpinzani na ni nyepesi.

Ukienda kununua beba tochi. Mulika ndani ya lenzi kutoka nyuma apacha ikiwa wazi, ukiona nyuzi nyuzi kama utando huo ni ukungu wa fangasi, ukiona weupe kama pumzi kwenye dirisha ni mvuke wa grisi, vyote viwili acha. Mkwaruzo mmoja mdogo mbele hauonekani kwenye picha, usiogope, tumia huo kuombea punguzo. Chezesha bledi zifunge na kufunguka haraka, zikisita angalia kama zina oili, ndugu yake wa f/2.8 anajulikana hasa kwa hilo. Zungusha ringi mwanzo mpaka mwisho, iwe nzito kidogo na laini, ikikwaruza kuna mchanga, ikilegea sana itakuwa inashuka yenyewe ukiinamisha kamera chini, na ukumbuke mi nategemea ringi ibaki pale nilipoiweka.