Jambia la Bi Mkubwa na pauni 300

"Nirudishie pauni 300, jambia nibaki nalo, nami nitafunga malalamiko." Ndivyo alivyoniandikia mnunuzi mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, siku chache baada ya kupokea jambia nililomuuzia mtandaoni kwa pauni 780.

Wauzaji wengi wa visu na silaha za kale ninaowafahamu hapa London hulipa. Hupiga hesabu ya muda, usumbufu na nyota watakazonyimwa kwenye ukurasa wao, wakaona afadhali watoe kidogo walale. Mimi siamini malipo ya namna hiyo. Ama kitu ni kile ulichokitangaza na bei yake ni ileile, ama sicho, basi kirudi na mtu apewe pesa zake zote. Ukilipa sehemu yake umekiri kwamba ulidanganya, tena kwa maandishi.

Na safari hii jambia lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la Bi Mkubwa, jirani yetu, mzaliwa wa Wete, aliyekuja Uingereza na mumewe miaka kadhaa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mume alipofariki, watoto wawili wa kiume walibaki na jambia moja, na kila mmoja akamsukumia mwenzake kwa adabu mpaka mama akachoka. Akaniita. Nilipomshikia miguu akaitikia marahaba, akaliweka mezani likiwa limefungwa kwenye kanga. "Liuze mwanangu. Nataka kumchimbia kisima kwao Pemba, iwe sadaka yake."

Lilikuwa jambia la Kiomani la pete nne, ala yake imefumwa kwa nyuzi za fedha juu ya ngozi, kifuniko cha ncha kikiwa cha bamba la fedha lenye nakshi. Mpini ulikuwa wa mti wa msandali, na nilishukuru kwa hilo, kwa sababu biashara ya kimataifa ya pembe ya kifaru imepigwa marufuku tangu 1977 na mimi mpini wa pembe hiyo siugusi. Nililipiga picha pande zote, nikaandika kwenye tangazo: ala ya fedha isiyo na mhuri, imetengenezwa kabla ya 1950. Kila neno nililiweka kwa makusudi. Sheria ya Uingereza ya 1973 inataka kitu cha fedha kinachozidi gramu 7.78 kiwe na mhuri wa ofisi ya upimaji, yaani ofisi inayopima usafi wa madini ya thamani, ndipo kiitwe fedha kinapouzwa. Cha kabla ya 1950 kimesamehewa, mradi muuzaji aweze kuthibitisha umri wake, kwamba fedha yake haipungui sehemu 800 kwa 1,000, na kwamba hakijabadilishwa tangu hapo.

Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya sumaku. Alituma picha ya sumaku imenata kwenye ala, na chini yake: "Fedha hainasi sumaku. Hiki ni chuma kilichopakwa rangi." Kilichoivuta sumaku ni chuma cha jambia lenyewe lililomo ndani ya ala, kwa hiyo nilimwomba alichomoe, aliweke mbali, kisha ajaribu tena na ala tupu. Hakunijibu kwa siku mbili. Aliporudi, habari ya sumaku hakuitaja tena. Sasa alikuwa amenunua tindikali ya kupimia fedha, amekwangua mahali padogo nyuma ya ala, na rangi iliyotoka ilikuwa ya kahawia badala ya nyekundu. Kwa hiyo si fedha. Kwa hiyo pauni 300.

Hapo nilikasirika, si kwa ajili ya pesa, bali kwa ule mkwaruzo. Mtu unamiliki kitu kilichovaliwa na watu vizazi viwili, unakimwagia tindikali kabla hujauliza swali moja!

Lakini hasira haiandiki jibu zuri, nami nilijua jibu langu litasomwa na mtu wa tatu: mfanyakazi wa lile soko la mtandaoni, ambaye hajapata kuona jambia maishani mwake na ana mafaili mengine yanayomngoja. Pesa zilikuwa zimezuiliwa mpaka aamue. Ndiyo maana mazungumzo yangu yote na wanunuzi hufanyika ndani ya mfumo wa soko. Mnunuzi akiniomba namba ya simu "tuyamalize wenyewe", namjibu palepale kwenye mfumo.

Nikaeleza kwa ufupi. Masonara wa Oman kwa miaka mingi walipata fedha yao kwa kuyeyusha sarafu za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, zilizokuwa zikizunguka kutoka Muscat hadi Unguja. Fedha ya sarafu hizo ni sehemu 833 kwa 1,000. Haifiki kiwango cha Waingereza cha sehemu 925, na mimi sikuandika popote kwamba ni 925. Tena kwenye chati ya tindikali ile, nyekundu ni ya 925 na kahawia ni ya takriban 800. Kipimo chake mwenyewe kilikuwa kimesema nilichosema mimi.

Ikabaki kuthibitisha umri. Nikarudi kwa Bi Mkubwa, na ikanibidi nimweleze kisa. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Mume wangu alinioa kavaa kitu cha bandia?" Akainuka, akaleta picha ya harusi yao, ya studio, nyuma yake imeandikwa kwa wino: Wete, 1948. Bwana harusi kasimama na joho na kilemba, jambia kiunoni. Nilichukua lenzi. Kati ya pete ya pili na ya tatu, uzi mmoja wa fedha ulikuwa umekatika ukaungwa kwa lehemu, na lile tone la lehemu lilionekana waziwazi, dogo kama punje ya uwele. Nikafungua picha zangu za tangazo kwenye simu. Tone ni lilelile, mahali palepale. Kumbe hata matengenezo yenyewe yalifanywa kabla ya 1950.

Alikubali niitumie picha kwa sharti moja: uso wa mumewe usionekane. Nikapiga kuanzia kifuani hadi magotini, na upande wa nyuma wenye tarehe.

Nikatuma vyote pamoja na njia mbili. Alirudishe kama lilivyo, nimpe pauni 780 kamili. Au alipeleke ofisi ya upimaji ya Sheffield, ambayo haikuwa mbali na kwake, lipimwe kwa mashine ya miale isiyokwangua: likiwa chini ya 800, gharama yangu na pesa zake anarudishiwa zote, likiwa juu, gharama yake. Kupunguza bei, hapana.

Alichagua Sheffield. Nadhani alikuwa na uhakika kuwa atashinda, na kwa hilo namheshimu, kwa sababu tapeli asingekwenda. Alikuwa mtu aliyesoma kidogo kuhusu fedha ya Kiingereza, akadhani ndiyo fedha yote ya duniani. Karatasi ya majibu aliipandisha mwenyewe kwenye faili: mabamba ya ala yalizidi 800, yakikaribia sana 833. Siku hiyohiyo malalamiko yakafungwa.

Hakuomba radhi. Aliuliza tu namna ya kulisafisha, nami nikamwandikia kirefu: kitambaa laini kikavu, asiguse dawa za kung'arishia kwenye nyuzi, mkanda asiukunje.

Pesa zilipoachiwa nilizipeleka kwa Bi Mkubwa na kumsomea majibu ya Sheffield, nikimtafsiria mstari kwa mstari. Akataka asomewe tena ule wenye namba. Kisha akaniambia nizitume Wete leo hiihii, fundi wa kisima alikwisha kupiga simu mara mbili.