Mkwezi kwenye Picha

Mpwa wangu wa Paje, yule wa sabuni za mwani, kaniuliza jana: "Mjomba, wenzangu wa biashara niwachunguze vipi kwenye simu?" Nikamwambia atafute kwa lugha za wageni, Kiingereza na Kitaliano, maana ndivyo mgeni anavyotafuta, na maoni ayapange yaanze ya nyota moja. Nyota tano hata shemeji huandika. Kuhusu picha sikumwambia.

Msimu mmoja wageni wa bustani yetu ya viungo Kizimbani, Unguja, walipungua, wa jirani upande wa Kidichi wakazidi. Usiku mmoja nikafungua ramani ya Google, nikabonyeza jina la bustani yake. Wageni walilalamika: mtembezaji ana haraka, vanila na iliki za kuuza mwishoni ghali mno. Nilifurahi, nitasema uongo wa nini. Walichosifia ni pilau ya kuliwa mkekani, na bwana anayeimba juu ya mnazi.

Nikaingia kwenye picha. Bibi mmoja wa Kizungu kavaa kofia ya makuti, mbele kwenye paji pana panzi aliyesukwa kwa ukuti. Panzi yule nikimjua. Nikasogeza picha inayofuata, nikaikuza kwa vidole viwili: mnazi, kamba miguuni, uso umeelekea juu hauonekani. Lakini shati! Shati la buluu lenye mistari, nililomnunulia mwenyewe mkwezi wangu Darajani kwa ajili ya Idi. Nikakumbuka khitma za Donge alizokuwa akiniagia, Donge ambako watu walikuwa wakifa kila Ijumaa.

Asubuhi alikuja kama kawaida. Nikamwambia, "Ami, nimeiona picha yako."

"Nimetoka vizuri?"

Nikakosa la kusema. Akakaa, akapokea chai, akaeleza bila kuulizwa: kule akishateremka mnazini naye huwekewa sahani yake. Halafu yakafuata mengine yote, dereva gani huwaleta wageni kutoka Nungwi, anakatiwa kamisheni kiasi gani kwa kila kichwa, siku zipi hapaji mtu. Hayo kwenye simu nisingeyapata hata ningekesha. Nilisikiliza kwa aibu, na kwa tamaa pia.

Nikammiminia kikombe cha pili.

"Na kule, Ami, huwa wanakuuliza habari za kwangu?"

"Huuliza," akasema, akachukua kamba yake akaenda zake kukwea.