M6 na petroli ya Nairobi

Wanaoniuliza BMW M6 yangu ya paa la turubai inakunywa kiasi gani, nawajibu: inategemea foleni. Injini yake ya V10, yaani silinda kumi, ya lita 5.0 ikinguruma bila kusogea Waiyaki Way jioni, mshale wa petroli unashuka ukiuona. Nikipita Expressway, Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, inatulia kabisa. Ukiiwasha inakupa nguvu za farasi 400. Zote 507 zinakuja ukibonyeza kitufe cha Power, nami mjini sikigusi. Tangi ni lita 70.

Ila kinachonikosesha usingizi hasa ni oili. Inataka ile nzito ya 10W-60, zaidi ya lita 9 kila ukibadilisha, na usikubali fundi akuwekee nyingine. Beringi za V10 hii zinalika, na zikifa, injini nzima imekwenda.