Januari 2022: Kura Tupu za Montecitorio

Wiki ya mwisho ya Januari 2022 nilikuwa zamu kwenye meza ya habari za nje, kazi yangu ikiwa kutafsiri matokeo ya uchaguzi wa Rais wa Italia kadiri yalivyosomwa katika ukumbi wa Montecitorio, Roma. Jumatatu tarehe 24 duru ya kwanza ilimalizika, na iliyoongoza ilikuwa karatasi isiyoandikwa kitu: kura tupu 672. Mhariri wa zamu, mzee aliyezoea chaguzi zenye mabango na mikutano ya hadhara, akanigeukia: "Sasa kijana, hapo kashinda nani?"

"Hakuna, mzee. Na leo hakuna aliyetaka kushinda."

Uchaguzi huu hauna fomu ya kugombea. Katiba inasema raia yeyote aliyetimiza miaka 50 na mwenye haki zake za kiraia na kisiasa anaweza kuchaguliwa. Mpiga kura anapewa karatasi, anaandika jina analolitaka, anaitumbukiza. Wapiga kura mwaka ule walikuwa 1,009: wabunge 630, maseneta 321 (sita kati yao wa maisha), na wajumbe 58 wa mikoa, watatu kwa kila mkoa isipokuwa Valle d'Aosta wenye mmoja. Duru tatu za kwanza zinadai theluthi mbili, yaani kura 673. Kuanzia ya nne, 505 zinatosha. Kwa hiyo chama chenye jina la maana hakilitoi mapema likaungua; kinawaambia watu wake waache karatasi ikiwa nyeupe na kusubiri Alhamisi.

Rais aliyekuwepo, Sergio Mattarella, muhula wake ulikuwa unaisha tarehe 3 Februari, na alikwisha sema hataki tena. Katiba haimkatazi. Inataja miaka saba na kunyamaza. Kilichoziba pengo hilo kwa miongo mingi ni desturi. Carlo Azeglio Ciampi aliombwa abaki mwaka 2006, akakataa kwa hoja mbili: kwamba hakuna aliyemtangulia aliyerudia, na kwamba kuongeza muhula juu ya muhula mrefu kiasi hicho hakulingani vizuri na jamhuri. Mattarella mwenyewe, Februari 2021, alimkumbuka hadharani Antonio Segni, ambaye mwaka 1963, akiwa rais, aliliandikia bunge akitaka rais azuiwe kabisa kuchaguliwa tena.

Hoja ya Segni ina mantiki ambayo watu wengi huiruka. Rais wa Italia hatawali, lakini ana kisu kimoja kikali: anaweza kulivunja bunge. Na bunge hilohilo ndilo linalomchagua. Waandishi wa katiba waliona hatari ya rais kuvunja bunge lisilompenda ili apate jingine litakalomrudisha, wakamfunga mikono katika miezi sita ya mwisho. Mwaka 1991 kifungu kililegezwa kidogo, kwa hali ambapo miezi hiyo inagongana na mwisho wa uhai wa bunge lenyewe. Segni alisema: mzuie asirudi, na kifungo hicho hakitakuwa na kazi. Hawakumsikiliza. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi, maana desturi isiyoandikwa hudumu hadi siku vyama viishiwe na majina.

Siku hiyo ilikuwa imekwisha fika mara moja, mwaka 2013. Romano Prodi, aliyependekezwa na mrengo wa kushoto, alihitaji kura 504, muungano wake ukiwa na viti karibu vya kutosha, akaambulia 395. Watu 101 wa upande wake mwenyewe walimpiga gizani. Aprili 20, katika duru ya sita, Giorgio Napolitano akachaguliwa tena kwa kura 738, wa kwanza katika historia ya jamhuri. Alikuwa na miaka 87. Alijiuzulu Januari 2015, na wanasheria wengi wakaridhika kwamba lile lilikuwa jambo la dharura, lisilojirudia.

Nilimwambia mhariri tuache kutazama jina linaloongoza na tufuate lile dogo linalokua. Duru ya kwanza Mattarella alipata 16. Ya pili 39. Ya tatu 125. Ya nne 166. Hakuna kiongozi wa chama aliyetoa maelekezo hayo. Ni wabunge wa viti vya nyuma waliokuwa wakiandika jina lake chini ya pazia la kura ya siri. Walikuwa na sababu zao. Kura ya maoni ya 2020 ilikwisha punguza wabunge hadi 400 na maseneta hadi 200, hivyo wengi walijua hawarudi. Tena haki ya pensheni kwa wapya ilikuwa inakamilika tarehe 24 Septemba 2022. Kumhamisha Waziri Mkuu Mario Draghi kwenda ikulu ya Quirinale kungeangusha serikali na pengine kuleta uchaguzi wa mapema. Rais yuleyule, waziri mkuu yuleyule: ndiyo ilikuwa njia isiyogusa kitu.

Ijumaa ndiyo iliyotufundisha zaidi. Mrengo wa kulia ulimsimamisha Elisabetta Casellati, Spika wa Seneti, na wapinzani wake wakaamua kutochukua karatasi kabisa. Hapo pana ufundi. Ukiamuru watu wako wapige kura tupu, msaliti anaingia kwenye kijumba na kuandika atakalo, na hutamjua. Ukiwaamuru wasichukue karatasi, kila anayeelekea kijumbani anaonekana na wote. Mrengo wa kushoto haukuwa na hofu ya kuvuja tena. Wasaliti wote wangetafutwa upande wa pili. Casellati akapata 382, pungufu hata ya idadi ya watu wa muungano wake. Hesabu ya Mattarella siku hiyo asubuhi ilishuka hadi 46, na mhariri akasema habari yangu imekufa. Haikufa: waliokuwa wakimwandikia hawakuwa wameshika karatasi. Jioni ileile, duru ya sita, akaruka hadi 336.

Kuna mbinu nyingine ya zamani inayohusu namna ya kuandika jina. Kundi moja linaambiwa liandike jina la ukoo peke yake, jingine litangulize jina la kwanza, la tatu liweke herufi moja na nukta. Karatasi zikisomwa kwa sauti, wahesabu wa vyama wanachora vistari na kujua nani katimiza ahadi. Kura inabaki ya siri kwa mtu mmojammoja, si kwa kundi.

Jumamosi, tarehe 29, duru ya saba ilimpa Mattarella 387, huku viongozi wa vyama wakiwa tayari wameshindwa kukubaliana juu ya mtu yeyote mwingine. Draghi alizungumza na Mattarella asubuhi. Baadaye viongozi wa makundi ya bunge wakapanda Quirinale kumwomba. Akakubali. Duru ya nane Roberto Fico, Spika wa baraza la wabunge, alifungua karatasi moja baada ya nyingine, na ilipofika ya 505 ukumbi ukasimama na kupiga makofi kabla hesabu haijaisha. Jumla: 759. Ni Sandro Pertini tu, mwaka 1978, aliyepata zaidi, 832.

Tuliandika kichwa cha habari kinachosema rais "amerudishwa". Mhariri alitaka "ameshinda". Nikakataa, naye hakubishana sana.

Serikali ya Draghi ilianguka Julai, na Mattarella, mikono ikiwa wazi kwa muhula mpya, akalivunja bunge tarehe 21. Bunge jipya lilikutana Oktoba, kwa hiyo pensheni ilipatikana. Atakayemfuata atachaguliwa na wabunge 400, maseneta 200 na wale wachache wa maisha, lakini wajumbe wa mikoa watabaki 58. Kutoka chini ya asilimia 6 ya kura zote watapanda hadi karibu asilimia 9, na mwaka 2029 anayehesabu kura atalazimika kuanzia kwao.