Ijumaa ya Bhosari

Juzi nilipeleka bushi ya pampu Gerezani, hapa Dar, ikakerezwe upya. Fundi alipogusisha kisu kwenye chuma, moshi mwembamba wa mafuta ya kupozea ukanipanda puani, na papo hapo nikawa Bhosari, kule India. Nilisimama kando ya mashine ile nikimsikia Kaka akiniuliza kama Jumatatu itakuwa tumechelewa.

Habari za Pune, mji wa India nilikofanya kazi, nimeshazisimulia, za chumba cha mtaa wa Kothrud na za Wakili, bosi wangu, aliyekuwa hagusi chai mpaka faili la kwanza lifungwe. Kaka sikuwahi kumwandika. Kwa Kimarathi kaka ni ndugu wa baba, na ilinichukua majuma kadhaa kulizoea neno hilo kwa mzee mwenye mvi kichwa kizima. Yeye aliniita beta, mwanangu. Mahali pake pa kazi alipaita karkhana, nasi twasema karakana. Bosi wangu kwake alikuwa vakil, na deni lake tulilihesabu kwa laki, kama tuko Kariakoo. Huenda ndiyo maana faili lile lilinikaa moyoni kuliko mengine yote.

Lilikuwa deni la rupia laki 41 ambazo Kaka alikuwa akimdai mnunuzi wake. Karakana yake, huko Bhosari, upande wa viwanda wa Pimpri-Chinchwad jirani na Pune, ilikereza bushi na pini za magari. Mashine sita, mafundi tisa, na mnunuzi mmoja aliyechukua karibu mzigo wote. Mwaka 2019 soko la magari la India likaporomoka. Juu ya hilo ilikuwa inakuja tarehe 1 Aprili 2020, siku ambayo magari mapya yalitakiwa yawe yamefuata kiwango cha moshi cha BS-VI. Oda za vipuri vya injini za zamani zikakatika, na malipo ya mzigo uliokwisha kupelekwa yakasimama.

Sheria ya mwaka 2006 ya biashara ndogo na za kati iko wazi: mnunuzi alipe ndani ya siku 45, na akichelewa atozwe riba mara tatu ya kiwango cha benki kuu, riba inayozaa riba kila mwezi. Kaka alikuwa amesubiri miezi kumi na moja. Kodi ya bidhaa na huduma, GST, iliyoanza Julai 2017, yenyewe haikumsubiri. Inadaiwa kwa ankara, pesa iwe imeingia au haijaingia. Kwa hiyo mzee yule alikuwa amekwisha kuilipa serikali kodi ya mauzo ambayo hajaona hata rupia yake moja. Nikilikumbuka hilo, damu bado inanichemka.

Nilimuuliza kwa nini hakwenda kwenye baraza linalosikiliza madai ya biashara ndogo. Akanijibu kwa Kihindi cha polepole ili nimwelewe: "Nikimshtaki mnunuzi wangu leo, kesho nani atanipa kazi?" Nimesoma sheria za biashara kwa miaka kadhaa, na bado sijakutana na kifungu kinachomjibu.

Wakili akaamua kushika fimbo nzito, Sheria ya Ufilisi ya 2016. Aliyeiuzia kampuni bidhaa na asilipwe anaitumia notisi. Zikipita siku kumi bila malipo wala ubishi, anaweza kuomba baraza la kampuni, NCLT, lianzishe mchakato wa ufilisi dhidi ya mdaiwa. Ada kwa mdai wa aina ya Kaka ilikuwa rupia 2,000. Deni lilitakiwa lisipungue laki moja. Majaji wamekemea mara nyingi sheria hiyo kugeuzwa njia ya kukusanyia madeni, na wana haki ya kukemea. Lakini mkurugenzi anayejua kwamba ombi likipokelewa madaraka ya bodi yake yanasimamishwa, mara nyingi huzipata pesa ambazo jana yake hazikuwapo.

Notisi yetu ilikwenda Februari. Siku kumi zikapita kimya.

Ijumaa, tarehe 20 Machi 2020, nilipanda basi na faili mapajani. Watu walikuwa wameanza kujifunga vitambaa usoni na kukaa mbali mbali. Karakana ilikuwa na mashine mbili tu zinazozunguka. Kaka alizima moja ili tusikilizane, akapangusa mikono kwa kitambaa cheusi kwa mafuta, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetawadha. Nikamwonyesha mahali pa kusaini na hati ya kiapo tuliyotakiwa tuipeleke kwa notari kabla hajafunga. Alisoma kila ukurasa, na Kiingereza chake kilikuwa cha taabu. Kidole gumba cha kushoto kikaacha alama ya mafuta pembeni mwa ukurasa wa mwisho. Akaniomba radhi kwa alama ile. Akashika kalamu.

Simu ikaita. Alikuwa meneja manunuzi wa yule mnunuzi. Sikuyasikia maneno ya upande wa pili, nilimwona Kaka tu: mabega yalishuka, akaanza kuitikia kwa kichwa kama anaonekana, akasema "ji, ji" mara nyingi. Alipokata alikuwa na uso wa mtu aliyepokea wageni.

"Anasema Jumatatu ataweka laki 10," akaniambia. Kisha akailaza kalamu juu ya mashine, taratibu, sambamba na chuma. "Beta, Jumatatu itakuwa tumechelewa?"

Nilijua jibu la kisheria. Ukomo wa dai kama lile ni miaka mitatu. Nilijua pia jibu la kwetu, kwamba mkubwa haharakishwi mbele ya mafundi wake. Majibu yote mawili yakatoka kwa sauti moja.

"Hakuna haraka, Kaka."

Jumapili nchi nzima ilikaa ndani kwa siku moja. Jumatatu laki 10 hazikuja. Jumanne, tarehe 24, waziri wa fedha Nirmala Sitharaman akatangaza kwamba kiwango cha chini cha deni la kuanzishia ufilisi kinapandishwa kutoka laki moja hadi krori moja, yaani laki mia, ili biashara ndogo zisiburuzwe kwenye ufilisi wakati wa janga. Saa mbili usiku Narendra Modi akaifunga nchi kwa siku 21.

Mimi ndiye niliyempigia Kaka. Nikamweleza kwamba ombi letu, kwa kuwa halikuwa limefunguliwa, halifunguliki tena. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia feni ya nyumbani kwake. Kisha akauliza, "Na yule wa chuma je? Naye hawezi?"

Nilikuwa nimemsahau muuza chuma. Kampuni ndogo ya Kaka ilidaiwa laki 6 na mfanyabiashara aliyemletea vyuma, na notisi ilikuwa imekwisha kufika.

"Hawezi, Kaka."

Hakusema ahsante wala ole.

Yaliyofuata yalikuwa marefu na ya kuchosha: baraza la biashara ndogo, vikao kwa simu, mwisho suluhu ya laki 27 kwa mafungu, na fungu la mwisho likaingia mimi niko Dar. Lakini mwaka uleule wa 2020, kabla hajapata hata fungu moja, Kaka aliuza mashine na kumlipa muuza chuma. Nilimuuliza kwa nini, maana sasa hakuna wa kumpeleka NCLT. Akasema, "Na yeye anasubiri, beta."

Kuna siku nasema ningemshikisha kalamu, fimbo ingefanya kazi na mashine isingeuzwa. Siku nyingine nakumbuka kwamba amri iliyomnyang'anya laki 41 ndiyo iliyomkinga na laki 6, na sijui ningeifuta kama ningekuwa na uwezo. Ukurasa wenye alama ya kidole Wakili aliniambia niuchane. Ninao mpaka leo.

Fundi wa Gerezani alinikabidhi bushi ikiwa bado ya moto. Nikamlipa palepale, yote.