Maji ya Taulo

Leo asubuhi binti yangu amemwaga maji ya kuoshea mchele, nami nikamkaripia kuliko kosa lenyewe. "Mama, si maji tu?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshamkumbuka mamangu na ile sinema.

Dune, riwaya ya Frank Herbert, kwangu ni hadithi ya foleni. Niliisoma nikiwa kidato cha tatu, nimekalia mtungi wa lita 20, mtaa mzima tukingoja mfereji utoe maji. Mamangu hakujua Kiingereza, kwa hiyo nikimaliza kurasa kadhaa namhadithia. Madudu ya mchangani yalimchosha upesi. Alichokipenda ni karamu ya Arrakeen, mji wa sayari ya jangwa. Mji ule hauna maji, lakini desturi ya wakubwa ni kuchovya mikono kwenye mabeseni, kumwaga maji sakafuni makusudi, kisha kujifuta na kuzitupa taulo kwenye dimbwi. Nje, ombaomba wanangoja taulo zikamuliwe. Mtawala mpya, Leto, anaikomesha desturi hiyo usiku ule ule: atakayefika mlangoni wakati wa chakula apewe kikombe cha maji.

"Kikombe kizima?" mamangu akauliza. Alikuwa akifulia watu nguo, na uzito wa taulo iliyolowa alikuwa akiujua mikononi. Alinihadithisha pale mara tatu au nne.

Sinema ya Dune ya mwongozaji Denis Villeneuve ilipotoka 2021, nilimchukua mamangu. Alivaa buibui lake la harusini. Taa zikazimwa, sauti ikatikisa viti, na jangwa likawa kubwa kuliko nilivyowahi kuliwaza mimi niliyekuwa nikilisoma nimezungukwa na mitungi. Nilifurahi, nakiri. Alipotokea mtunza bustani akinywesha mitende, akasema kila mtende hunywa maji ya watu watano kila siku, na mitende ni 20, yaani roho 100, nikamfasiria mamangu sikioni. Akanibana mkono.

"Sasa zinakuja taulo," akasema.

Tukangoja. Stilgar, kiongozi wa watu wa jangwani, akaingia, akatema mate mezani mbele ya mtawala, na watu nyuma yetu wakacheka. Mamangu hakucheka. Alikuwa anajua kwamba mtu wa jangwani akikutemea mate amekupa maji ya mwili wake. Sikumfasiria lile, alilielewa peke yake, na kwa dakika ile niliipenda picha kama nilivyokipenda kitabu.

Kisha usiku ukaingia, maadui wakashuka, mitende ikawaka moto. Hapo nikajua. Kitabuni karamu huja kabla ya shambulio. Ikiwa shambulio limefika, karamu haipo tena. Mamangu hakujua. Alibaki ameinamia mbele, mkoba mapajani, macho hayabanduki, anazingoja taulo zake. Mbele yangu moto mzuri kabisa, na mimi sikuutazama. Nilimtazama yeye. Nilitaka kumwambia, nikashindwa, kwa sababu alikuwa na matumaini, na pia kwa sababu sikutaka kuikosa picha. Yote mawili ni kweli. Dakika 155, nikawaza, hata tano hazikupatikana?

Kwenye tuktuk akasema, "Picha nzuri, mwanangu. Lakini taulo?"

"Wamezikata, mama. Kitabu hakienei chote."

Nikaanza kumtetea mtengenezaji: mitende imebeba maana ile ile, sinema husema kwa macho, karamu ina maneno mengi mno. Naamini bado. Mamangu akanisikiliza mpaka tukavuka daraja la Nyali.

"Basi wale ombaomba hawakupewa kile kikombe," akasema.

Sehemu ya pili, 2024, nilikwenda peke yangu. Kuna mahali Stilgar anamwonyesha Jessica, mwenzi wa Leto, dimbwi la maji ya wafu wao, maji ambayo hakuna mwenye kiu anayeruhusiwa kuyagusa. Ukumbi ulinyamaza wote. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kiti cha pembeni.

Binti yangu anataka kuziona zote mbili likizo hii. Nimemwambia angoje, nimhadithie karamu kwanza. Akishaijua ataingoja, kama nyanyake, na haitakuja. Asipoijua ataona picha nzuri na atarudi nyumbani ameridhika. Mchele umeshaiva, na bado sijaanza kumhadithia.